Rodchenko: Fundi wa Picha Aliyefuta Nyuso kwa Mkono Wake

Mwanafunzi wa sanaa ya michoro ya chapa, popote alipo duniani, hamalizi masomo yake bila ya kulisikia jina la Aleksandr Rodchenko. Mrusi huyu, aliyefariki mwaka 1956, ni mmoja wa walioweka msingi wa kazi tuionayo kila siku na tusiijali: mabango ya matangazo, majalada ya vitabu, kurasa za magazeti na picha zinazomsimamisha mtu njiani. Lakini maisha yake yana funzo jingine lisilokuwa la ufundi, nalo limo ndani ya kitabu kimoja kilichohusu nchi ya Waislamu, nchi ya Bukhara na Samarkand.

Rodchenko alizaliwa katika mji wa St Petersburg mwaka 1891. Kwao hapakuwa na mali. Babake alikuwa mtumishi wa jumba la michezo ya kuigiza, akishughulikia vyombo vya jukwaani, na mamake alikuwa dobi. Baadaye jamaa hiyo ilihamia Kazan, mji ulio kando ya mto Volga, wenye Waislamu wengi wa kabila la Kitatari. Waliosoma habari za Misahafu ya zamani watalikumbuka jina la mji huo, kwani tangu mwanzo wa karne ya 19 palikuwa na mitambo iliyochapa Qur'ani kwa herufi za Kiarabu, ikasambazwa mbali.

Wazee wake walitaka ajifunze kazi ya uhakika, wakampeleka afundishwe kutengeneza meno ya bandia. Kijana hakuipenda kazi hiyo, moyo wake ulikuwa katika kuchora. Akaingia chuo cha sanaa cha Kazan, na huko ndiko alikokutana na Varvara Stepanova, mwanafunzi mwenzake, ambaye alikuja kuwa mkewe na mshirika wake wa kazi hadi mwisho wa maisha yake. Kutoka Kazan alikwenda Moscow, akasoma kwa muda michoro ya chapa katika chuo cha Stroganov.

Yalipozuka mapinduzi ya mwaka 1917, Rodchenko alikuwa kijana wa miaka 25. Yeye na wenziwe waliamini kwamba dunia mpya imezaliwa, na kwamba dunia mpya yataka macho mapya. Mwaka 1921 alionyesha turubai tatu, moja nyekundu tupu, moja ya manjano tupu na moja ya buluu tupu, kama mtu asemaye kwamba uchoraji wa kutundika ukutani umekwisha. Tangu hapo akaiacha kazi hiyo kwa miaka mingi, akageukia vitu vya kutumika. Katika chuo kipya cha sanaa na ufundi cha Moscow, alikofundisha tangu mwaka 1920 hadi 1930, aliwataka wanafunzi wake wabuni vitu ambavyo mtu wa kawaida angevitia mkononi na kuvitumia.

Mwaka 1923 alifanya jambo ambalo vyuo vingi vinalifundisha hata leo. Rafikiye, mshairi Vladimir Mayakovsky, alikuwa na utenzi mpya wa kuchapwa. Rodchenko hakuuchorea picha kwa kalamu. Alichukua mkasi, akakata picha za kamera na picha za magazetini, akazipanga na kuzibandika pamoja kwa gundi hata zikawa picha moja isiyopata kuwako mahali popote. Mtu mdogo akasimama juu ya mnara, simu ikawa kubwa kupita nyumba. Kisha ukurasa mzima ukapigwa picha upya na kuchapwa. Baada ya hapo mshairi na mchoraji wakashirikiana kutangaza bidhaa za maduka ya serikali. Mayakovsky alitunga maneno, na Rodchenko akayapanga kwa herufi nene, rangi mbili au tatu tu, na mistari iliyosimama imara kama boriti.

Bango lake mashuhuri kabisa ni la mwaka 1924, lililotangaza vitabu. Mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani ameweka mkono kando ya kinywa anapiga ukelele, na neno vitabu linamtoka kinywani likipanuka kama sauti inavyopanuka hewani. Asiyejua kusoma alifahamu kwamba anaitwa, na ajuaye kusoma alifahamu anaitiwa nini.

Mwaka huo huo wa 1924 alianza kupiga picha kwa bidii. Alimpiga mamake, dobi yule, akisoma huku ameshika kioo kimoja cha miwani mbele ya jicho. Uso mmoja, kitambaa, mkono na kioo, basi. Mwaka 1925 alikwenda Paris kwa maonyesho makubwa ya sanaa na huko akanunua kamera, na mwaka 1928 akapata Leica, kamera ndogo ya Kijerumani inayoingia mfukoni. Hapo ndipo alipopata chombo cha kufaa fikira zake. Kamera nyingi za zamani zilishikwa mbele ya tumbo, na kwa hivyo picha zote zilitazama kutoka kimo cha kitovu. Rodchenko aliona huko ni kuiga tu wachoraji wa kale. Mtu wa mjini, alisema, hutazama ghorofa kwa kuinua uso na hutazama barabara kwa kuinama dirishani. Basi akalala chini akapiga roshani za nyumba zikipanda juu kama ngazi, akapanda juu akapiga watu wakitembea na vivuli vyao virefu. Picha yake ya mwaka 1930, ya mwanamke aliyembeba mtoto akipanda ngazi pana zilizojaa mistari ya kivuli, inatazamwa na wanafunzi hadi leo.

Walakini upepo ulikuwa umeanza kubadilika. Mwaka 1928 gazeti moja la wapiga picha la Moscow lilimshutumu kuwa anaiga wageni wa nchi za magharibi. Alipompiga picha msichana wa chama cha vijana akitazama juu, wakubwa waliuliza kwa nini hatazami mbele. Katika Urusi ya Stalin swali la namna hiyo halikuwa la mzaha. Mtu aliyeambiwa kwamba jicho lake limepotoka alijua kwamba kinachofuata ni kupoteza kazi, au zaidi ya kazi.

Rodchenko akatafuta usalama katika utumishi. Mwaka 1933 alikwenda kupiga picha mfereji wa kuiunganisha Bahari Nyeupe na Bahari ya Baltiki, uliochimbwa kwa mikono ya wafungwa, na maelfu yao wakafa kwa baridi, njaa na kazi ngumu. Picha zake zilitolewa katika gazeti kubwa la serikali lililosomwa nchi za nje. Ndani yake kuna nguvu, kuna mpango mzuri wa watu na mawe. Kifo hakimo.

Kisha kikaja kile kitabu. Jamhuri ya Kisovieti ya Uzbekistan iliundwa mwaka 1924. Msomaji wa pwani huenda asiijue sana kwa jina hilo, lakini chuoni amezisikia nisba za maimamu waliotoka huko: Imamu Bukhari na Imamu Tirmidhi. Lugha ya watu wake, kama Kiswahili chetu, iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ikageuzwa kuwa ya herufi za Kilatini, na mwaka 1940 ikalazimishwa kuchukua za Kirusi. Ilipotimia miaka kumi ya jamhuri hiyo, Rodchenko na mkewe walipewa kazi ya kupanga kitabu cha fahari chenye picha. Kilitoka mwaka 1934 kwa Kirusi na mwaka uliofuata kwa Kiuzbeki. Ndani yake mlikuwa na mashamba ya pamba, viwanda, shule, na kurasa nzima za sura za viongozi. Miongoni mwao walikuwa Fayzulla Khodzhaev, mzaliwa wa Bukhara na mkuu wa serikali, na Akmal Ikramov, mkuu wa chama.

Miaka mitatu haikupita sana. Mwaka 1937 Stalin aliwageukia viongozi hao. Khodzhaev na Ikramov walikamatwa, wakatiwa katika kesi kubwa ya Moscow, na Machi 1938 wakauawa kwa risasi. Tangu siku walipoitwa maadui wa umma, mtu kuonekana na sura zao nyumbani mwake lilikuwa jambo la kumtia hatarini. Kitabu kilichokuwa fahari ya fundi kikawa mtego ndani ya nyumba yake.

Rodchenko hakukichoma. Alichukua nakala yake mwenyewe na wino mweusi, akapita ukurasa baada ya ukurasa akizifunika nyuso za waliokamatwa. Mabega yako, koti liko, mpango mzuri wa ukurasa uko vile vile, lakini penye uso pana doa zito la wino. Mkono ule ule uliozipanga sura hizo kwa ustadi ndio uliozizima.

Yeye mwenyewe aliponea. Alirudia kuchora, akapenda kuchora mambo ya sarakasi. Mwaka 1951 chama cha wasanii kilimfukuza, na akarudishwa baada ya kufa kwa Stalin mwaka 1953. Alifariki Moscow tarehe 3 Desemba 1956. Nakala ile ikabaki imefichwa nyumbani, hadi mwaka 1984 alipoonyeshwa David King, mbunifu wa michoro wa Kiingereza aliyekuwa akikusanya picha za enzi hiyo. King aliutangazia ulimwengu habari hizo katika kitabu alichokitoa mwaka 1997, na madoa yale yakawa ushahidi mzito kuliko picha zenyewe. Uzbekistan ilipata uhuru wake mwaka 1991, na majina ya Khodzhaev na Ikramov yanatajwa waziwazi.

Ni rahisi kwetu, tuliokaa salama, kumhukumu. Mtu mwenye mke na binti, anayesikia majirani wakichukuliwa usiku, hajui atafanya nini mpaka zamu yake ifike. Lakini kijana wa Mombasa, Malindi au Lamu anayesomea michoro na upigaji picha leo hana haja ya mkasi wala wino. Kwa kompyuta anaweza kumtoa mtu katika picha ya harusi, ya mkutano au ya msiba kabla chai haijapoa, na hapana doa litakalobaki. Dini yetu imekataza kuficha ushahidi, na picha ni ushahidi. Mwenye kalamu hiyo na ajue, atakapoambiwa amfute fulani, kwamba Rodchenko naye alikuwa fundi hodari kuliko wenziwe, na uhodari haukumwokoa na kazi ile.