Kapiteni Joubert: Kutoka Boma la Mpala hata Misembe

Mkristu anayetaka kujua namna Injili ilivyoingia katika nchi yetu, na ashike njia ya Ziwa Tanganika. Aanzie Mpala, ashuke kusini hata Saint-Louis ya Mrumbi, kisha apande Kirungu na kumalizia Misembe karibu na Moba. Mahali hapo pote atakuta jina moja: Léopold Joubert, ambaye wazee wetu walimwita Kapiteni. Katika siku hizi za yubile inafaa tuyakumbuke maisha yake, maana wageni wengi huuliza jinsi mtu wa bunduki alivyopata nafasi katika historia ya Kanisa letu.

Joubert alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 kijijini Saint-Herblon, Ufaransa. Alipokuwa kijana wa miaka 18 alikwenda Italia kujiunga na wale waliojitolea kumlinda Baba Mtakatifu Pio wa Tisa. Alipigana Castelfidardo mwaka 1860 na Mentana mwaka 1867, akapewa cheo cha kapiteni. Mwaka 1870 mji wa Roma ulitekwa, jeshi la Papa likavunjwa, naye akarudi kwao.

Wakati ule Askofu Mkuu Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alikuwa anawatuma watoto wake kwenye Maziwa Makuu. Safari zilikuwa za hatari. Mwaka 1881 huko Rumonge, katika nchi ya Burundi, mapadri wawili na mlei mmoja msaidizi wao waliuawa. Lavigerie aliwaomba askari wa zamani wa Papa wawasindikize wamisionari, na Joubert alikuwa mmoja wa walioitika, tangu mwaka 1880. Hakuweka nadhiri ya kitawa wala hakupewa daraja takatifu. Alibaki mlei maisha yake yote, na jambo hilo sisi makatekista tusilisahau.

Tufike Mpala, penye mdomo wa mto Lufuko. Boma la hapo halikujengwa na mapadri. Lilianzishwa mwaka 1883 na Mbelgiji Émile Storms, ambaye watu walimwita Bwana Boma. Tuseme ukweli wote: mwaka 1884 watu wa Storms walimwua chifu Lusinga, na kichwa chake kikapelekwa Ubelgiji. Mwaka 1885 Mfalme Léopold wa Pili aliwaachia Mapadri Weupe boma hilo. Kwa hiyo msalaba ulisimamishwa mahali palipokwisha kuona damu.

Joubert alifika Mpala mwezi wa Machi 1887. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa inaharibu pande zote mbili za ziwa. Aliyeogopwa zaidi alikuwa Muhammad bin Khalfan, aitwaye Rumaliza, mwenye nguvu huko Ujiji. Vijiji vilichomwa moto, wanaume waliuawa, wanawake na watoto walifungwa kamba na kuvushwa ng'ambo. Waliookoka walikimbilia penye misioni. Kapiteni aliwafundisha vijana wa hapo kulinda makao yao, akazuia mashambulio kwa watu wachache na baruti kidogo. Miaka kadhaa alisimama karibu peke yake, bila msaada wa serikali. Mwaka 1891 Kapiteni Jacques, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha kupinga utumwa, alifika kumsaidia. Boma alilolijenga huyo ndilo asili ya mji wa Albertville, leo Kalemie.

Saint-Louis ya Mrumbi yatuonyesha upande mwingine wa mtu huyu. Mwaka 1888 Joubert alifunga ndoa ya Kikristu na Agnes Atakao, binti wa nchi hii. Wazungu wengi wa nyakati zile waliishi na wanawake wa Kiafrika pasipo ndoa, kisha wakawaacha walipomaliza kazi yao. Yeye alimchukua Agnes mbele ya altare, akajenga nyumba, akazaa naye watoto na kuwalea hapo hapo. Kwao Ufaransa hakurudi tena kukaa.

Tupande sasa Kirungu. Misioni hii ilianzishwa mwaka 1893 na Padri Victor Roelens, baadaye Askofu, nayo ikaitwa Baudouinville. Mgeni atastaajabia kanisa kuu lake la matofali. Hapa ndipo Stefano Kaoze alipopewa upadri mwaka 1917, padri wa kwanza Mkongo wa nyakati zetu. Kapiteni alikuwa angali hai. Miaka 30 baada ya kufika kwake kulinda wakimbizi, kabila za ziwa zilikuwa na padri wao.

Lakini adui mwingine alikuja, asiyezuiwa na bunduki: ugonjwa wa usingizi. Ulipunguza watu wa pwani, na mwaka 1910 Saint-Louis ikaachwa. Kapiteni alihamia Misembe pamoja na jamaa yake, akazeeka kati ya watu aliowatetea. Alifariki tarehe 27 Mei 1927, mwenye miaka 85.

Je, bunduki yake ilileta amani? Iliwapa wanyonge nafasi ya kupumua, na hilo si dogo. Lakini Injili haikuota mizizi kwa sababu ya baruti. Iliota kwa sababu mtu huyu alikaa, akaoa, akashiriki shida za watu mpaka kufa. Mwanawe Albert, aliyezaliwa mwaka 1908, akawa padri wa jimbo. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi, aliuawa huko Fizi pamoja na Padri Giovanni Didonè. Hakuwa na silaha yoyote mkononi. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Baba alishika bunduki kwa ajili ya wanyonge. Mwana alitoa uhai wake mikono mitupu. Nasi katika mashariki ya Kongo tungali tunasikia milio ya silaha. Basi anayetembelea Mpala na Kirungu asitazame kuta tu. Awaombee wafu wote wa mahali pale, hata Lusinga na wale waliovushwa ziwa wamefungwa kamba, na aombe kwa maombezi ya Mwenye Heri Albert ili watoto wetu wapate amani isiyohitaji boma.