Bertha Benz: Mathe Aliyehepa na Ndai ya Mzee Alfajiri na Kuonyesha Dunia Vile Safari Ndefu Hupigwa

Kabla ya kuenda shags Disemba, gari huwa unaifanyia nini? Kama uko na akili zako, unapitia kwa fundi. Anaangalia breki, anacheki maji ya redieta, anachungulia waya za plagi, anavuta beti kuona kama imelegea. Ukiwa na gari ya zamani ndiyo usiseme. Hapo unabeba mtungi wa maji, spana, waya na maombi.

Sasa jiulize: hiyo listi ya vitu vya kucheki ilitoka wapi? Nani alikuwa wa kwanza kugundua kwamba breki huisha, maji huchemka na mafuta hukatika katikati ya safari, mbali na nyumbani?

Manze, ni mathe mmoja wa Ujerumani. Alikuwa na miaka 39, watoto wawili kwenye gari, na hakuwa ameambia bwanake kitu. Anaitwa Bertha Benz. Ndiyo, Benz ile ile unaona kwa nyota ya Mercedes. Wengi wanajua jina la mzee. Leo tubonge juu ya mama.

Binti wa Pforzheim

Bertha Ringer alizaliwa tarehe 3 Mei 1849 katika mji wa Pforzheim, kusini-magharibi mwa Ujerumani ya leo. Babake alikuwa fundi seremala na mjenzi aliyeomoka, kwa hivyo nyumbani hakukuwa na msoto. Inasemekana kwamba mtoto huyu alipozaliwa, familia ilisikitika kidogo kwa sababu walitarajia kijana wakapata msichana mwingine.

Msichana huyo akakua akipenda mambo ya mashine. Shida ni kwamba enzi hizo vyuo vikuu vya kwao havikuwa vinachukua wanawake. Ungependa mashine vipi, mwisho wa siku ungeambiwa ukashone.

Mwaka wa 1869 akakutana na mhandisi kijana anaitwa Carl Benz. Carl alikuwa na vitu viwili: ndoto ya kutengeneza gari linalojiendesha bila farasi, na mifuko mitupu. Wasee wengi wangemwonea huruma na kupita. Bertha akamsikiliza.

Huko kwao mambo ya mahari yalikuwa kinyume na yetu: mzazi wa binti ndiye aliyetoa pesa za kumwanzishia maisha ya ndoa. Carl alikuwa amefungua karakana Mannheim mwaka wa 1871 na mshirika ambaye hakuwa wa kutegemewa. Kabla hata hawajaoana, Bertha akaomba pesa zake, na hizo ndizo zilizotumika kumwondoa yule mshirika. Wakafunga ndoa tarehe 20 Julai 1872.

Elewa hapo vizuri. Akiwa msichana, Bertha aliweza kuweka doo zake kwa biashara. Siku aliyoolewa, sheria ya wakati huo ikampa mume mamlaka juu ya mali yake. Yaani alinunua nafasi kwenye kampuni, halafu sheria ikamwambia nafasi hiyo si yake tena. Jina lake halikuandikwa popote.

Miaka ya msoto

Usidhani baada ya harusi mambo yalikuwa fiti. Miaka ilipita, madeni yakabisha hodi, watoto wakazaliwa. Eugen alikuja 1873, Richard 1874, kisha wasichana Clara na Thilde. Wa tano, Ellen, alizaliwa baadaye, 1890.

Mkesha wa mwaka mpya wa 1879, watu wengine wakisherehekea, Bertha na Carl walitoka nyumbani baada ya chakula cha jioni wakaingia karakana kujaribu injini kwa mara nyingine. Injini ilikuwa imewasumbua wiki mzima mzima. Usiku huo ikashika na ikaendelea kunguruma. Wakasimama hapo tu wakiisikiliza.

Tarehe 29 Januari 1886 Carl akapeleka ombi la hataza ya gari lake la magurudumu matatu. Ilikuwa na injini ya silinda moja, na badala ya usukani ilikuwa na mkono wa chuma wa kugeuza gurudumu la mbele. Mwezi wa Julai mwaka huo ikatembea hadharani mitaani Mannheim.

Ungedhani watu wangepanga foleni kununua. Wapi! Watu walitazama, wakacheka, wakarudi kwa farasi zao. Carl naye alikuwa fundi wa aina ile unaijua: kila siku anafungua, anafunga, anasema bado haijakuwa sawa. Gari ilizunguka hapo karibu na nyumbani tu. Hakuna mtu alikuwa ameipeleka safari ya maana.

Bertha aliona vile mambo yanaenda. Pesa zake zilikuwa ndani ya hiyo kitu kwa miaka 16. Gari ikibaki karakana, itakufa karakana, na familia nayo itazama. Mnunuzi angeaminije mashine ambayo hata mwenyewe hajaitoa nje ya mtaa?

Alfajiri ya Agosti 1888

Asubuhi na mapema mwezi wa Agosti 1888, shule zikiwa zimefungwa, Bertha alihepa. Alichukua vijana wake wawili, Eugen wa miaka 15 na Richard wa miaka 13, wakaitoa gari nje polepole ili mzee asishtuke. Alimwachia ujumbe kwamba wameenda Pforzheim kumtembelea nyanya. Ilikuwa ile modeli ya tatu ya gari la Benz.

Kutoka Mannheim hadi Pforzheim kwa njia aliyoshika ni zaidi ya kilomita 100. Kwako hiyo ni safari ya asubuhi tu, unafika chai ikiwa bado moto. Lakini yeye hakuwa na lami, hakuwa na kibao cha barabarani kilichowekewa magari, hakuwa na petroli stesheni, hakuwa na gereji, na hakuna mtu duniani alikuwa amefanya hiyo kitu ambaye angeweza kumuuliza. Barabara zilikuwa za mikokoteni. Gari ikienda kasi sana ilikuwa kama kilomita 16 kwa saa.

Na kama mambo yangeenda mrama? Mama na watoto wawili wangekwama porini, mzee angepoteza gari, na wale waliokuwa wanacheka wangepata stori ya kuwatosha maisha. Hiyo safari ingeweza kuua biashara yote.

Sasa hapa ndipo ile listi yako ya fundi ilianzia.

Mafuta. Gari haikuwa na tanki kubwa, ilibeba lita chache tu. Walipofika mji wa Wiesloch mafuta yalikuwa yanaisha. Bertha akaingia duka la dawa. Usishangae: ile gari ilitumia ligroini, mafuta mepesi ambayo watu walinunua kwa duka la dawa kuondolea madoa kwenye nguo. Akanunua alizopata zote. Hilo duka leo linajulikana kama petroli stesheni ya kwanza duniani.

Maji. Injini ilipozwa na maji ambayo yalichemka na kupotea kama mvuke. Kwa hivyo kila baada ya muda ilibidi wasimame wateke mengine, iwe ni kwenye kisima, mtoni au popote maji yalipo. Ukisikia mzee wako akisema usiendeshe gari ya zamani bila mtungi wa maji, anarudia somo la Bertha.

Paipu ya mafuta. Iliziba njiani. Bertha akachomoa pini ya kofia yake, akaizibua, injini ikashika.

Waya. Waya wa kuwasha injini ulichubuka, moto ukawa unapotelea njiani. Akatoa lastiki iliyoshikilia stokingi yake, akauzungushia waya. Fundi wa jua kali angempigia saluti.

Cheni. Zilikuwa zinavutika na kulegea. Kule Bruchsal mhunzi mmoja akawasaidia kuzirekebisha. Mhunzi alizoea viatu vya farasi, siku hiyo akawa mekanika wa magari.

Gia. Gari ilikuwa na gia mbili tu na nguvu kidogo sana. Ikifika mlima inagoma. Vijana wakashuka wakasukuma, mama akishika mkono wa kugeuza. Kama ushawahi kusukuma mathree iliyokwama kwa matope ukiwa umevaa nguo za kanisa, unajua hiyo hisia.

Breki. Hii ndiyo ilikuwa noma kuliko zote. Breki zilikuwa za mbao, na kila mteremko zilizidi kulika. Gari inayogoma kupanda itakuchelewesha, lakini gari inayogoma kusimama itakuzika. Kabla safari nzima haijaisha, Bertha alisimama katika kijiji cha Bauschlott, akamwomba fundi wa viatu apigilie ngozi juu ya zile mbao. Hapo ndipo wazo la breki lainingi lilianza. Kila unaponunua breki padi, kumbuka fundi viatu wa Bauschlott.

Jioni giza likiingia wakafika Pforzheim, wamejaa vumbi. Bertha akamtumia mumewe telegramu kwamba wamefika salama. Siku chache baadaye wakarudi Mannheim kwa gari hiyo hiyo, wakipitia njia nyingine.

Ripoti ya safari

Bertha hakurudi na stori peke yake, alirudi na ripoti. Breki zinahitaji kitu cha kuzifunika. Gari inahitaji gia ya kupandia mlima. Carl alisikiliza, na gia ya ziada ikawekwa.

Ona vile hapo kazi iligawanyika. Mzee alijua kutengeneza mashine. Mama ndiye aliyejua kwamba mashine haijaisha kutengenezwa hadi itoke barabarani na kukuonyesha mahali itavunjikia. Hiyo ni kazi ya uhandisi, hata kama hakuna chuo kilimpa cheti.

Na njiani watu waliona. Vijiji vizima viliona mwanamke na watoto wakipita kwa gari bila farasi. Mwezi mmoja baadaye, Septemba 1888, Carl alionyesha gari yake kwenye maonyesho ya Munich na akapata medali ya dhahabu. Wanunuzi wakaanza kuja, hasa kupitia wakala wa Paris. Kufikia 1899 Benz & Cie ilikuwa kampuni kubwa zaidi ya magari duniani, na mwaka huo iliunda magari 572.

Uzeeni

Maisha hayakuwa laini moja kwa moja. Mwaka wa 1903 Carl aliacha usimamizi wa kampuni baada ya mvutano, na baadaye familia ikahamia Ladenburg, mji mdogo karibu na Mannheim. Mwaka wa 1926 kampuni ya Benz ikaungana na ya Daimler, na hapo ndipo jina la Mercedes-Benz lilitoka. Carl alifariki Aprili 1929. Kwenye kitabu cha maisha yake alikuwa ameandika wazi kwamba wakati kila mtu alikata tamaa, mkewe ndiye alibaki naye.

Bertha aliishi miaka mingine 15. Siku alipotimiza miaka 95, tarehe 3 Mei 1944, chuo kikuu cha ufundi cha Karlsruhe, kile kile ambacho mumewe alisomea, kilimpa heshima ya useneta. Siku mbili baadaye akaaga dunia. Yaani alingoja maisha yake yote kutambuliwa na chuo, akaifurahia kwa siku mbili.

Njia yake bado iko

Tangu 2008, barabara aliyopitia imewekewa vibao rasmi na kupewa jina lake. Kwenda na kurudi ni kilomita 194. Wenye magari ya zamani huja kuipita, na kabla ya kuwasha injini wanafanya nini? Wanapima breki lainingi. Wanacheki paipu za mafuta, kwa sababu petroli ya siku hizi ina alkoholi inayoweza kula mpira wa kizamani. Wanaangalia kama waya zimechubuka. Wanabeba maji, beti ya akiba na spana. Sheria za sasa zimeongeza vitu kama pembetatu ya kuonya madereva wengine, lakini ukitoa hizo, listi ni ile ile ya 1888.

Tofauti ni kwamba wao wanaijua kabla ya kutoka. Bertha aliipata kilomita baada ya kilomita, kwa pini ya kofia na lastiki ya stokingi, watoto wakisukuma nyuma.

Kwa hivyo wikendi hii ukipeleka ndai kwa fundi na akuambie breki zimebaki kidogo lakini utafika tu, usimkubalie. Bertha alisimama akatafuta fundi wa viatu. Wewe duka la speya liko hapo kona.

Na wewe je, gari ishawahi kukuzimia wapi, na ulitumia nini kuiamsha?