Peter Medawar na Siri ya Mwili Usiosahau

Katika historia ya utabibu wako watu ambao sifa yao haikutokana na bunduki, lakini kazi yao ilizaliwa vitani. Mmoja wao ni Peter Medawar, ambaye leo twapenda kuwasimulia ndugu zetu askari na polisi habari zake.

Medawar alizaliwa nchini Brazil mwaka 1915, baba yake akiwa mwenye asili ya Lebanon na mama yake Mwingereza. Alisomea elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Mwaka 1940, vita vikiwa vimepamba moto, ndege ya kivita ilianguka karibu na nyumba yake. Mwanahewa mmoja aliungua vibaya, wala hakubakiwa na ngozi ya kutosha kufunika majeraha yake. Madaktari wakamwendea Medawar. Ngozi ya mtu mwingine ingeweza kupatikana. Kwa nini basi haikushika?

Swali hilo lilimfikisha Glasgow. Huko yeye na daktari mpasuaji Thomas Gibson walimpandikiza mgonjwa mmoja aliyeungua vipande vya ngozi ya kaka yake. Vipande hivyo vikafa. Wakapandikiza vingine vya kaka yuleyule. Navyo vikafa upesi zaidi. Matokeo hayo waliyatangaza mwaka 1943. Mwili ulikuwa umemtambua mgeni na kumkumbuka, mfano wa mlinzi wa lango asiyesahau sura ya adui aliyemwona jana.

Medawar aliendelea na utafiti, na mwaka 1960 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Macfarlane Burnet wa Australia.

Maana ya kumbukumbu hiyo yaonekana wazi kwa wagonjwa wanaongoja kupandikizwa figo. Mgonjwa aliyepata kuongezewa damu, kubeba mimba, au kupandikizwa kiungo hapo awali, huenda damu yake imekwisha kuweka kingamwili, yaani silaha zilizotengenezwa dhidi ya chembe za wengine. Zikikuta figo zinayoilenga, zaweza kuiangamiza kwa dakika au saa chache tu. Mwaka 1969, watafiti Patel na Terasaki wa Los Angeles walieleza kwamba kati ya wagonjwa 30 waliokuwa na kingamwili dhidi ya mtoaji, figo za 24 zilishindwa mara moja. Ndiyo sababu majimaji ya damu ya mgonjwa hupimwa kwanza pamoja na chembe za mtoaji. Chembe zikishambuliwa, kwa kawaida figo hiyo hapewi, hungojewa nyingine. Kungoja ni kuchungu, lakini kupoteza figo iliyotolewa na ndugu ni kuchungu zaidi.

Basi askari aliyewahi kuongezewa damu kwa sababu ya jeraha asilifiche jambo hilo kwa daktari wake, endapo siku moja figo zake zitashindwa kazi. Damu ile ilimwokoa, lakini huenda iliacha alama.

Mwaka huohuo wa 1969 Medawar alipatwa na kiharusi kilichomdhoofisha mwili. Hata hivyo hakuweka kalamu chini. Alifanya kazi na kuandika vitabu hata alipofariki mwaka 1987. Twamkumbuka kwa kuwa alipoona majeraha ya mtu mmoja hakuridhika kusikitika tu, bali aliuliza sababu.