Selim Bey na Asili ya Wanubi wa Kibera

Ndugu zetu wa pwani waendao Nairobi kutafuta riziki, wakapanga vyumba Kibera au Kawangware, huwakuta hapo Kibera Waislamu waitwao Wanubi, wakauliza: asili ya watu hawa ni ipi? Tumeona tuwajibu kwa kueleza maisha ya Selim Bey, kwani nasaba za nyumba nyingi za Kibera hazielezeki bila ya khabari zake.

Selim Bey alikuwa afisa Msudani katika jeshi la Misri lililokaa Ekwatoria, kusini ya Sudan. Askari wake walitoka katika makabila mengi, Wadinka, Wabari, Wamakaraka na wengineo, wakaunganishwa na Kiarabu cha kambini na dini ya Kiislamu. Khartoum ilipoanguka mwaka 1885, njia yao ya kwenda Misri ilikatika. Mwaka 1889 Stanley alimchukua gavana wao, Emin Pasha, wala hakumngoja Selim aliyekuwa akiwakusanya watu wake. Emin aliporudi mwaka 1891 katika utumishi wa Wajerumani, alimtaka Selim amfuate. Selim alikataa, kwani utiifu wake ulikuwa kwa Khedive. Mwaka huo huo Lugard alimkuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert. Naye pia hakumkubalia mpaka waliposhartiana kuwa idhini itatakwa Misri. Ndipo wakashuka Uganda askari kiasi cha 600, na pamoja na wake, watoto na wafuasi wakapata kiasi cha watu 8,000.

Mwaka 1893 Waislamu wa Buganda walidai ardhi zaidi. Selim aliiarifu serikali kwamba atakayempiga Mbogo, mkubwa wao, amempiga yeye. Kapteni Macdonald, aliyeshika serikali wakati huo, alimtia hatiani kwa uasi, akamtoa nchini kwa njia ya pwani. Selim alikuwa mgonjwa, akafia Naivasha, na mji wa Nairobi ulikuwa haujajengwa bado. Mtu aliyeshika ahadi miaka yote hiyo alikufa akiitwa mwasi!

Baadhi ya askari wenzake waliasi mwaka 1897. Waliobaki katika utii waliingia King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Tangu 1904 wastaafu wao walikalishwa katika mwitu walioupa jina la Kibra. Ardhi ilipimwa ikapata zaidi ya ekari 4,000, lakini hati hawakupewa. Wajukuu na vitukuu walisubiri mpaka 2017, ndipo jamii yao ikakabidhiwa hati ya ekari 288.

Basi kijana wa Kibera akiwahesabu wazee wake, atamtaja babu aliyezaliwa Kibra, kisha askari wa King's African Rifles, kisha aliyeshuka na Selim kutoka Kavalli. Na juu ya huyo makabila yanatawanyika kila upande. Sisi tuliohifadhiwa nasaba zetu katika karatasi za wazee tusiwadharau ndugu hawa. Wazee wao walikutanishwa na dini na safari, na hiyo ni asili ya kutosha kuheshimiwa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Selim Bey na wote waliotangulia. Amin.