John Cade: Daktari aliyeonyesha kuwa ugonjwa wa akili una dawa, na dawa ina kipimo

Mtu anakosa usingizi usiku wa kwanza, wa pili, hata wa tano, lakini hachoki. Anaongea bila kituo, anagawa mali yake, anapanga biashara kubwa saa nane za usiku, na akizuiwa anawaka hasira. Baada ya wiki au miezi, mtu huyo huyo anajifungia ndani, hataki kula wala kuonana na watu, na anaona hana sababu ya kuishi. Wengi wakiona hali hiyo husema amerogwa au amepandwa na majini. Madaktari huuita ugonjwa huo baipola.

Mpaka mwaka 1948, hakukuwa na dawa ya kuutuliza kwa uhakika. Wagonjwa walifungiwa hospitalini miaka na miaka, na wengi walifia humo. Aliyefungua njia ni John Cade, daktari wa Australia ambaye hakuwa na maabara ya maana wala fedha za utafiti.

Utoto ndani ya uzio wa hospitali

Cade alizaliwa Januari 18, 1912 katika mji mdogo wa Murtoa, jimbo la Victoria, kwenye eneo la wakulima wa ngano. Baba yake, David, alikuwa daktari wa mji huo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, baba alikwenda kutibu askari, kwanza Gallipoli nchini Uturuki, kisha Ulaya.

Alirudi akiwa hai, lakini vita vilikuwa vimemchosha mwili na roho, na hakuweza tena kuendesha zahanati yake. Aliiuza, akaajiriwa na serikali katika hospitali za wagonjwa wa akili. Familia ikahamia kwenye nyumba za watumishi ndani ya viwanja vya hospitali hizo.

Hivyo John alikua akimwona mzazi aliyeumizwa na vita, na akiishi jirani na watu ambao jamii ilikuwa imewatenga. Aliwaona wakiwa wazima siku fulani na wagonjwa siku nyingine.

Leo tafiti nyingi zinaonyesha kuwa mtoto anayepitia shida nzito, kama kupigwa, kutelekezwa, vita au ugonjwa wa mzazi, ana hatari kubwa zaidi ya kupata matatizo ya akili ukubwani. Lakini si kila mtoto wa namna hiyo huugua. John alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Melbourne, akahitimu akiwa na umri wa miaka 21, na baadaye akafuata nyayo za baba yake katika hospitali za akili.

Miaka zaidi ya mitatu utumwani

Vita Kuu ya Pili vilimchukua kama vilivyomchukua baba yake. Alitumwa Singapore akiwa daktari wa jeshi. Februari 1942 mji huo ulitekwa na Wajapani, na Waaustralia wapatao 15,000 wakawa mateka. Cade alikaa katika kambi ya Changi hadi Septemba 1945.

Chakula kilikuwa kidogo na kibovu. Mateka waliugua magonjwa ya ukosefu wa vitamini, na baadhi yao walichanganyikiwa akili. Cade alipowahudumia wenzake, wazo moja lilizidi kumkaa kichwani: huenda ugonjwa wa akili unatokana na kitu kilichozidi au kilichopungua mwilini. Wakati huo baadhi ya wataalamu waliamini kuwa chanzo kiko katika mawazo na malezi.

Utafiti ndani ya jiko kuukuu

Aliporudi nyumbani akiwa amekonda sana, alipewa kazi katika hospitali ya akili ya askari wastaafu huko Bundoora, karibu na Melbourne. Hapo alijitengenezea chumba cha utafiti katika jiko lililokuwa halitumiki. Alikusanya mikojo ya wagonjwa, na chupa nyingine alizihifadhi kwenye friji ya familia yake.

Alidhani kwamba watu wenye msisimko mkali wana sumu fulani mwilini, na kwamba sumu hiyo hutoka na mkojo. Ili kuipima, aliwadunga simbilisi mkojo huo. Katika majaribio yaliyofuata alihitaji chumvi inayoyeyuka kwa urahisi, akachagua chumvi ya lithiamu, madini yanayopatikana kwenye miamba. Simbilisi waliodungwa chumvi hiyo walitulia, wakalala chali bila kuhangaika.

Baadaye wanasayansi wengine walisema huenda wanyama hao walilegea kwa sababu dozi ilikuwa kubwa. Hata dhana ya sumu katika mkojo haikuthibitishwa. Lakini Cade alikuwa ameona jambo la kufuatilia. Kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, alimeza lithiamu mwenyewe ili aone kama ingemdhuru.

Mgonjwa wa kwanza

Machi 1948 alianza kumpa dawa mwanamume wa miaka 51 ambaye alikuwa na msisimko wa wazimu kwa miaka mitano mfululizo. Alikuwa mchafu, msumbufu, na hakuna aliyetarajia kuwa angepona. Katika wiki chache alitulia. Julai mwaka huo aliruhusiwa kwenda nyumbani, akarudi kwenye kazi yake ya zamani.

Cade aliwatibu pia wengine. Mwezi Septemba 1949 alichapisha matokeo katika jarida la madaktari la Australia. Wagonjwa 10 wenye msisimko mkali walipata nafuu wote. Wenye skizofrenia walipungukiwa na fujo lakini ugonjwa wenyewe ulibaki. Watatu waliokuwa na sonona hawakubadilika. Aliandika yote hayo wazi, bila kudai kwamba dawa yake inatibu kila kitu.

Dawa ile ile yageuka sumu

Yule mgonjwa wa kwanza, alipojiona mzima, aliacha dawa. Ugonjwa ukarudi, naye akarudishwa hospitalini. Alipoanzishiwa dawa tena alipata shida nyingi, na mwaka 1950 alifariki kwa sumu ya lithiamu. Kifo hicho kilimwumiza Cade, naye akasimamisha matumizi ya dawa hiyo hospitalini kwake.

Wakati huo huo, huko Marekani, lithiamu ilikuwa ikiuzwa kama mbadala wa chumvi ya mezani kwa wagonjwa wa moyo. Watu walijitilia kwenye chakula bila kipimo. Baadhi yao walikufa, na mwaka 1949 serikali ikaipiga marufuku. Madaktari wengi duniani wakaiogopa.

Waliookoa ugunduzi huo ni wale waliojifunza kupima. Edward Trautner na wenzake wa Melbourne walionyesha jinsi ya kupima kiasi cha lithiamu ndani ya damu, ili daktari ajue dozi inapokaribia hatari. Nchini Denmark, Mogens Schou, ambaye ndugu yake mwenyewe alisumbuliwa na sonona ya kujirudia, alichapisha mwaka 1954 utafiti uliolinganisha lithiamu na vidonge visivyo na dawa.

Mwaka 1970 yeye na wenzake walichapisha utafiti mwingine wa wagonjwa 84 waliokuwa wakitumia lithiamu. Baadhi waliendelea nayo, wengine wakabadilishiwa vidonge vitupu bila kujua. Katika miezi mitano, zaidi ya nusu ya waliobadilishiwa walirudiwa na ugonjwa. Kati ya walioendelea hakurudiwa hata mmoja. Mwaka huo huo Marekani ikaidhinisha lithiamu kuwa dawa ya msisimko wa baipola.

Cade hakupata utajiri kutokana na ugunduzi wake, kwani lithiamu ni madini ya kawaida ambayo hakuna kampuni inayoweza kuyamiliki. Aliongoza hospitali ya Royal Park, Melbourne, kuanzia mwaka 1952 hadi alipostaafu mwaka 1977. Alifariki Novemba 16, 1980 kwa saratani ya umio, akiwa na miaka 68.

Unachopaswa kujua leo

Lithiamu imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Haimalizi baipola moja kwa moja, bali huzuia isirudi, kama dawa ya shinikizo la damu inavyozuia kiharusi. Kama wewe au ndugu yako mnaitumia, yako mambo ya kuzingatia.

Usiache dawa ghafla kwa sababu unajisikia mzima. Uzima huo mara nyingi unatokana na dawa yenyewe. Zungumza kwanza na daktari.

Hudhuria vipimo vya damu kama ulivyopangiwa. Hupimwa kiwango cha lithiamu, figo, na tezi ya shingoni.

Kunywa maji ya kutosha, hasa siku za kulima juani, na usibadilishe ghafla kiasi cha chumvi unachokula. Ukiharisha au kutapika, dawa inaweza kuzidi mwilini. Wahi kituo cha afya.

Ukienda duka la dawa, sema kwamba unatumia lithiamu. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, na baadhi ya dawa za presha, huipandisha kwenye damu. Mwanamke mjamzito au anayepanga kupata mimba amweleze daktari mapema.

Dalili za hatari ni kutetemeka sana mikono, kuyumba, ulimi kuwa mzito, kutapika na kuchanganyikiwa. Ukiziona, usimeze kidonge kingine. Mpeleke mgonjwa hospitalini siku hiyo hiyo.

Yule mwanamume wa Bundoora alipata miezi kadhaa ya uzima baada ya miaka mitano ya mateso. Alikosa kile ambacho siku zile hakikuwepo: kipimo cha damu na mtu wa kumfuatilia baada ya kurudi nyumbani. Kipimo sasa kipo. Kumfuatilia ni kazi ya daktari, na pia ya sisi tunaoishi naye.