Habari za Enoch Sontonga, Mwalimu wa Kwaya

Wasomaji wetu wa Mbulu na Hanang hawana haja ya kufundishwa wimbo uitwao Mungu Ibariki Afrika. Watoto wa shule huuimba wakiwa wamesimama wima mbele ya bendera, na hata wazee wasiojua kusoma huufuata bila kukosea. Lakini tukiuliza ni nani aliyeitunga sauti yake, wengi hunyamaza, na wengine hudhani kuwa ni kazi ya Mzungu fulani. Sivyo. Aliyeitunga alikuwa Mwafrika, mwalimu wa shule ya misheni na mwalimu wa kwaya, naye alikufa angali kijana. Basi tumeona vema kuandika habari zake, hasa kwa ajili ya wainjilisti na walimu wa kwaya, maana kazi yake ilikuwa kama kazi yao.

Enoch Mankayi Sontonga alizaliwa karibu na mwaka 1873 huko Uitenhage, upande wa mashariki wa nchi ya Cape, Afrika Kusini. Kabila lake lilikuwa Waxhosa. Alijifunza ualimu katika chuo cha misheni cha Lovedale, kisha akapelekwa mbali, karibu na Johannesburg, kufundisha katika shule ya Wamethodisti mahali paitwapo Nancefield. Yafaa msomaji ajue mji ule ulikuwa wa namna gani. Dhahabu ilionekana katika nchi ile mwaka 1886, na kwa miaka michache tu mahali palipokuwa mbuga za malisho pakawa mji mkubwa wenye kelele za mashine mchana na usiku. Watu weusi walitoka pande zote kwenda kuchimba chini ya ardhi. Waliwaacha wake zao nyumbani, wakalala kambini wengi pamoja, na hawakuweza kutembea bila pasi mkononi. Mshahara wao ulikuwa haba, na hatari zilikuwa nyingi.

Katika mji wa namna hiyo Sontonga alifundisha watoto na kuongoza kwaya. Alikuwa pia mpiga picha, na mtu mwenye kipawa cha mashairi. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji, nao walijaliwa mtoto mmoja wa kiume. Nyimbo zake alizitungia wanafunzi wake, akaziandika kwa mkono katika daftari. Nyingi zilikuwa za huzuni, na si ajabu, kwa kuwa aliyaona mateso ya watu wake kila siku.

Mwaka 1897, umri wake ukiwa wapata miaka 24, alitunga ule wimbo ambao kwa Kixhosa huitwa Nkosi Sikelel' iAfrika. Wakati huo ulikuwa mfupi sana, ubeti mmoja na kiitikio chake, umepangwa kwa sauti nne kama tenzi za kanisani. Wako wajuzi wa muziki wasemao kwamba sauti yake yafanana na sauti iitwayo Aberystwyth, iliyotungwa na Joseph Parry wa Wales; wengine wakataa. Sisi hatuoni neno la kumlaumu. Mwalimu aliyelelewa kwa tenzi za misheni hawezi kuziondoa masikioni mwake atungapo wimbo, na walimu wetu wa kwaya wayajua hayo.

Neno tuliloliona sisi katika wimbo huu ni jingine. Kwa Wairaqw, wazee hufungua na kufunga baraza kwa slufay: mmoja husema maneno ya kuiombea baraka nchi na watu na mifugo, na wote waliopo humwitikia kwa pamoja. Wimbo wa Sontonga ni wa namna hiyo hiyo. Haukuwa wimbo wa vita, wala haukumsifu mfalme yeyote. Ni sala ya kuomba baraka, yenye msemaji na waitikiaji. Kwa hiyo haikuwa vigumu kwa mataifa mengi ya Afrika kuupokea kama wimbo wa kwao.

Mara ya kwanza uliimbwa mbele ya watu wengi mwaka 1899, katika ibada ya kumbariki Boweni, mchungaji wa Kimethodisti. Mwaka ule ule vita vya Waingereza na Makaburu vilianza. Sontonga aliendelea na kazi yake ya shule na kwaya, lakini hakupewa siku nyingi. Alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na miaka ipatayo 32. Akazikwa Johannesburg, katika makaburi ya Braamfontein.

Baada ya kufa kwake, watu waliopenda nyimbo zake walikuja kwa mjane kuliazima daftari, na mwishowe likapotea. Nasi twayajua madaftari ya namna hiyo. Katika sharika zetu ziko nyimbo nzuri ambazo zimo katika daftari moja tu la mwalimu, nalo likiazimwa lisirudi, au mvua ikipenya paa la bati, zimekwisha. Kuhusu ule wimbo mmoja uliosalia, husimuliwa kwamba Diana aliiuza haki yake kwa peni sita. Alifariki mwaka 1929.

Walakini wimbo wenyewe ulikuwa umekwisha kuondoka nyumbani. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na mchungaji John Dube, iliuimba katika matamasha ya Johannesburg. Tarehe 8 Januari 1912, wakuu wa Waafrika walipokutana Bloemfontein kuanzisha chama chao, ambacho baadaye kiliitwa African National Congress, uliimbwa baada ya sala ya kufunga. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliuimba London, sauti yake ikatiwa katika sahani ya santuri. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti saba. Hata tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, sauti ya Sontonga ikawa ya wimbo wetu wa taifa kwa maneno ya Kiswahili. Zambia nayo iliichukua mwaka 1964 na kuitilia maneno yake yenyewe.

Wakati huo wote hapakuwa na mtu aliyejua kaburi lake lilipo. Waliolitafuta walipekua vitabu vya makaburi kwa jina la Sontonga wasilione. Ilikuwa baada ya mwaka 1990 ndipo ilipogunduliwa kwamba karani alikuwa amemwandika kwa jina la Enoch tu. Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela alifika Braamfontein, akafunua jiwe la ukumbusho, na kaburi likatangazwa kuwa mahali pa kutunzwa na taifa. Siku hiyo pia marehemu alipewa nishani ya dhahabu, na mjukuu wake wa kike akaipokea kwa niaba yake.