Mfalme Dinis na neno "mas"

Dinis alizaliwa mwaka 1261, akatawala Ureno tangu 1279. Wareno humwita Mfalme Mkulima. Sisi wanafunzi wa lugha tuna sababu nyingine ya kumkumbuka: katika enzi yake hati za ofisi ya mfalme ziliacha Kilatini, zikaandikwa kwa lugha ya raia. Baba yake alikuwa amekwisha kuanza. Yeye akalifanya jambo hilo kuwa desturi. Mwaka 1290 alianzisha chuo kikuu huko Lisbon, kikahamia Coimbra mwaka 1308. Humo darasani, lakini, Kilatini hakikutikisika.

Alikuwa mtunzi pia. Mashairi yake 137 yametufikia, mengi ya mapenzi, na mpenzi anayelalamika hawezi kukosa neno la kupinga. Neno hilo kwake lilikuwa mais au mas, kutoka Kilatini magis, yaani "zaidi". "Zaidi" iligeukaje kuwa "lakini"? Kwa njia ya kukanusha: si hili, zaidi lile. Mwanzoni lilifanya kazi ya "bali" yetu, kisha likachukua na ya "lakini". Mais ya Kifaransa, tunayoitamka kila siku, ni magis ileile. Ila kwa "zaidi" Wafaransa walichagua plus. Kireno hakikuacha kitu. Maumbo mawili yaliyochanganyika wakati wa Dinis yaligawana kazi: mais ikawa "zaidi", mas ikawa "lakini". Hata leo watoto wa shule Brazil huyachanganya wanapoandika, maana masikioni yanakaribiana mno.

Tujihadhari na porém. Leo nayo ni "lakini", ila katika mashairi ya mfalme, ikiandikwa poren, maana yake ni "kwa hiyo". Anayeisoma kwa maana ya leo atamwelewa Dinis kinyume kabisa: sababu ataifanya pingamizi.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa michungu. Tangu 1319 hadi 1324 mwanawe Afonso alimpiga vita, akimwonea wivu Afonso Sanches, mtoto wa nje ya ndoa, ambaye naye alikuwa mshairi. Malkia Isabel ndiye aliyehangaika kuwapatanisha. Dinis alifariki Santarém mwezi wa Januari 1325, akazikwa Odivelas. Mwaka 1990 mtafiti Harvey Sharrer aligundua katika hifadhi ya nyaraka ya Lisbon kipande cha ngozi kilichokuwa kimetumika kujalidia kitabu: juu yake mashairi saba ya mfalme, pamoja na muziki wake.